Tusimbebeshe Idi Amin Mzigo Wote

Muulize Mtanzania yeyote aliyekuwa na akili zake timamu mwaka 1981 kwa nini sabuni ilipotea madukani. Kabla hujamaliza swali atakujibu: vita. Amin alitumaliza. Kisha atakuhadithia habari za duka la kaya, foleni zilizopangwa kwa mawe na ndala tangu usiku wa manane, majani ya mpapai yaliyotumika kufulia sare za shule, na unga wa njano kutoka Marekani ambao watu waliubatiza jina la Yanga. Hayo yote ni kweli, na vita navyo vilipiganwa kweli. Ambacho hakijathibitishwa ni kwamba vita hivyo, peke yake, ndivyo vilivyoondoa sabuni dukani.

Nimelichagua jambo hili la zamani kwa makusudi. Mambo ya leo yana wenyewe. Anayeyaeleza ana chama, ana mwajiri au ana deni. Uhaba wa bidhaa wa mwaka 1979 hadi 1985 umeshapoa kiasi cha kushikika, na walioushuhudia bado wapo wa kutubishia. Tena unaonyesha vizuri tabia yetu tunapoeleza siasa na uchumi wa dunia. Tukiulizwa kwa nini, tunataja jina moja, tunanyamaza.

Tuanze kwa kuvipa vita haki yake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka na kuikalia ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, eneo la kilometa za mraba zipatazo 1,800. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Kiwanda cha sukari kikaharibiwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, raia wakauawa. Tanzania ikajibu. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na mapema Juni vita vikaisha. Gharama inayotajwa mara nyingi ni dola za Marekani milioni 500, ambazo ni kama mapato yote ya mauzo yetu ya nje kwa mwaka mzima wa wakati ule. Hakuna nchi maskini inayotoa kiasi hicho bila kuyumba.

Na fedha ni nusu tu ya habari. Jeshi lilipanuliwa ghafla, na kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Mutukula ni zaidi ya kilometa 1,000 za njia ambayo sehemu kubwa yake wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Askari, risasi, unga na mafuta vilihitaji malori, na malori yalichukuliwa popote yalipokuwa: mashirika ya umma, kampuni za usafirishaji, watu binafsi. Lori linalopeleka mabomu Kagera haliwezi siku hiyohiyo kusomba pamba Shinyanga. Huo ndio mlango vita vilivyopitia kuingia jikoni kwa watu. Pamba iliyolala ghalani haikuleta dola. Dola isiyokuja haikununua kostiki wala vipuri. Kiwanda cha sabuni kikazima mitambo. Mtu akinieleza vita hivi, kwa mlango na kwa hatua zake, namsikiliza. Akisema tu "vita vilitumaliza", sina hakika kama hata yeye anajua alichokisema.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla ya Amin kuvuka mpaka.

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge na ilikuwa inaongoza duniani. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 zilibaki tani chini ya 100,000, na ziliendelea kupungua. Kamba za plastiki zilikuwa zimeshaliteka soko, na mashamba mengi yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha yaliendeshwa kwa kusuasua. Kipi kilichoua zaidi, nailoni au uendeshaji? Nenda Tanga ukaulize, utapata majibu mawili na ugomvi mmoja. Brazil nayo ililima mkonge na iliuza kwa bei ileile iliyoporomoka, lakini yenyewe iliendelea kulima. Nailoni basi ilikuwa na sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni yetu.

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta kutokana na vita vya Oktoba na Israel, na bei ya pipa ikapanda kutoka kama dola 3 hadi karibu dola 12 katika miezi michache. Mvua nazo zikakata mwaka 1973 na 1974. Katika ukame huohuo serikali iliamua kwamba kuhamia vijijini si hiari tena, ni amri. Mamilioni ya watu wakahamishwa katika Operesheni Vijiji, wengine msimu wa kulima ukiwa umeshafika, mashamba yao yakabaki maili kadhaa nyuma yao. Chakula kilipopungua, serikali ilisema ukame. Wapinzani wa ujamaa, wengi wao wakiwa nje ya nchi, walisema vijiji. Mimi sioni sababu ya kuchagua. Mvua ilinyima mahindi kwa waliohama na wasiohama. Kuhama kuliwanyima waliohama nafasi ya kupanda hata pale mvua ilipochungulia. Ubishi wenye maana ungekuwa juu ya wilaya ipi, mwaka upi, magunia mangapi.

Mei 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za serikali. Mkulima akawa anapeleka pamba au korosho yake na kurudi nyumbani na karatasi badala ya fedha. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na ghafla kila nchi ikalazimika kuanzisha shirika lake la ndege, reli yake, bandari na posta zake. Mpaka ule ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Hayo yote yalitokea kabla Amin hajafyatua risasi Kagera.

Halafu kuna kisa cha kahawa, ambacho kwangu ndicho kitamu kuliko vyote, nacho husahaulika kila mara. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa katika jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil. Mkahawa unachukua miaka kuzaa upya, kwa hiyo bei ya dunia ikaruka na kufika kileleni mwaka 1977. Wakulima wa Kilimanjaro na Bukoba waliokota neema iliyoanguka kutokana na msiba wa wenzao ambao hawakuwajua hata kwa jina. Benki Kuu ikajaa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 1978 serikali, kwa ushauri uliotoka pia Benki ya Dunia, ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa. Watu wakaagiza. Bei ya kahawa wakati huo ilikuwa imeshaanza kuteremka, na akiba ikayeyuka kwa miezi. Amin alipovuka mpaka Oktoba, alikuta kasha limeshapungua sana.

Hapa ndipo hesabu ya mafungu inapogoma. Wasomaji wengi, na hata baadhi ya wachumi wanaoitwa kwenye redio, hupenda kuambiwa vita asilimia 40, mafuta asilimia 30, siasa ya ujamaa asilimia 30, tumalize. Ingekuwa hivyo ningefurahi. Lakini vita vilevile, kwa risasi zilezile, vingepiganwa mwaka 1977 wakati fedha za kahawa zipo, vingeondoka na fedha hizo na pengine sabuni ingebaki dukani. Na wakati majeshi yetu yakiwa vitani, Shah wa Iran aliikimbia nchi yake, Januari 16, 1979, na mapinduzi yaliyofuata yakapandisha mafuta kutoka kama dola 13 au 14 kwa pipa mwaka 1978 hadi zaidi ya dola 30 mwaka 1980. Dizeli ya vifaru na malori ya vita ilinunuliwa kwa bei hiyo iliyokuwa ikipanda. Sehemu hiyo ya gharama tumwandikie Amin au Ayatollah Khomeini? Ukimwandikia kila mmoja kiasi ambacho kisingekuwepo bila yeye, jumla yako itazidi mia. Hujakosea hesabu. Mambo mawili yanapokutana na moja likalikuza jingine, hayagawanyiki tena kwa kisu.

Kisichogawanyika hata hivyo kinaweza kupimwa, na kipimo tunacho karibu: majirani. Zambia haikuvamiwa na Amin. Shaba yake ilifika kileleni Aprili 1974 na mwaka uliofuata bei ikaporomoka hata chini ya nusu. Miaka ya 1980 Wazambia nao walipanga foleni za unga na mafuta ya kupikia, na Desemba 1986 miji ya Copperbelt ililipuka kwa ghasia baada ya bei ya unga kupandishwa. Ghana haikuwa na Kagera wala vijiji, na mwaka 1983 ilikuwa hoi kwa kakao iliyodorora, ukame, moto wa misitu, na watu wake kama milioni moja waliofukuzwa Nigeria. Kwa upande mwingine, Kenya ilinunua mafuta kwa bei ileile tuliyonunua sisi, ikapata na kupoteza neema ileile ya kahawa, lakini sabuni na mafuta ya kula vilivyouzwa kwa magendo Arusha na Tanga vilitoka kwao, vikipenya Namanga na Horohoro.

Zambia inatuambia kwamba nchi iliweza kuanguka bila vita. Kenya inatuambia kwamba mafuta na kahawa peke yake havikutosha kumaliza bidhaa kwenye rafu za duka. Sitaki kuizidishia Kenya sifa. Ilikuwa na wawekezaji, watalii na viwanda vya tangu ukoloni ambavyo Tanganyika haikuachiwa, na mkopo wake wa marekebisho kutoka Benki ya Dunia iliuchukua mapema, mwaka 1980. Ila hata ukiyatoa hayo yote, linabaki swali la mkulima aliyelipwa kwa karatasi.

Kipimo kingine ni kalenda. Vita vilipoisha, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Ikapita, na miaka ya 1982 na 1983 ikawa migumu kuliko 1979. Majeshi ya mwisho yaliondoka Uganda mwaka 1981. Sababu iliyokwisha kazi yake haiwezi kuendelea kueleza hali inayozidi kuwa mbaya, isipokuwa uonyeshe deni au uharibifu ulioachwa nyuma unaofanya kazi hiyo. Vita viliacha vyote viwili, sikatai, lakini si vya ukubwa wa kutosha miaka mitano. Nikibanwa niseme sehemu ya vita ni ipi, nitajibu kwamba vita viliamua ni lini tutaanguka na kwa kishindo gani. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kumeshaanza.

Kuna kosa la pili ambalo ni pacha wa kutaja jina moja, nalo huonekana la kisomi zaidi. Ni ile sentensi ya magazeti yetu: hali hiyo imechangiwa na mambo mbalimbali, yakiwemo vita, ukame, bei ya mafuta, mdororo wa uchumi wa dunia na mengineyo. Mwandishi ameshajikinga, hakuna wa kumkosoa. Lakini hakuna alichoeleza pia. Bei ya mafuta na ukame vimewekwa kwenye mstari mmoja kama watoto wa paredi. Kiswahili hakitunyimi namna ya kupambanua: kuna kilichoanzisha, kilichochochea, kilichoharakisha, kilichozuia tiba, na kilichofichua tu ubovu uliokuwepo. Mwaka 1978 vita viliharakisha. Kuvunjwa kwa ushirika kulianzisha. Ubishi na Shirika la Fedha la Kimataifa ulichelewesha tiba, au ulituepusha na tiba mbaya, kulingana na unayemuuliza.

Na hapo tunafika kwenye sababu ya watu kupenda jina moja. Kila jina lina mlipaji. Mwaka 1980 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Lagos wakapitisha mpango uliosisitiza kwamba Afrika imeumizwa na mfumo wa dunia: bei za mazao, riba, ukoloni na mabaki yake. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosimamiwa na mchumi Elliot Berg, ikasema tatizo kubwa liko ndani: sarafu zenye thamani ya uongo, mashirika ya umma yasiyozalisha, bei ndogo kwa mkulima. Ukisoma la kwanza, wa kulipa ni tajiri wa Ulaya na Marekani. Ukisoma la pili, wa kulipa ni serikali ya Kiafrika, na kwa kweli ni mfanyakazi wake atakayepunguzwa. Kila upande ulikuwa na ushahidi mzito, na kila upande ulitia chumvi kwa kunyamaza. Ripoti ile iliyokemea viwanda vya serikali visivyozalisha ilitoka kwenye taasisi ileile iliyogharimia kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kiuze viatu Ulaya na kikaishia kufanya kazi kwa sehemu ndogo sana ya uwezo wake hadi kikafungwa.

Waziri wa Fedha Edwin Mtei alikuwa ameshajikuta katikati ya ubishi wa aina hiyo mwaka 1979. Alizungumza na Shirika la Fedha, masharti yakajumuisha kushusha thamani ya shilingi, Mwalimu akakataa, na Mtei akajiuzulu. Tukitazama nyuma tunadhani waligombania dawa. Waligombania zaidi ugonjwa. Kama sababu kubwa ni mafuta na vita, unahitaji mkopo wa kuvukia na huna haja ya kugusa shilingi. Kama sababu kubwa ni shilingi yenyewe, mkopo ni maji kwenye pakacha. Nyerere mwenyewe alisema hadharani mwaka 1984 kwamba angeanza upya asingevunja ushirika wala serikali za mitaa. Hakusema kwamba mafuta hayakupanda. Ndivyo anavyozungumza mtu anayejua kwamba sababu ya ndani haifuti ya nje.

Wakati mwingine jina moja hushikwa kwa nguvu za dola. Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Maelezo yalikuwa mepesi: bidhaa zipo, zimefichwa na walanguzi. Na kweli zilikuwepo. Watu walioogopa walitupa marobota ya vitambaa na mifuko ya sukari mitaroni na vichakani usiku, na kwa wiki kadhaa maduka yakaonekana yamechangamka. Ulanguzi basi ulikuwa sababu, wala haukuwa wa kusingiziwa. Lakini viwanda vyetu wakati huo vilikuwa vikifanya kazi kwa kama theluthi ya uwezo wao au chini ya hapo, maana hapakuwa na dola ya kununulia malighafi. Yaliyofichwa yalipokwisha, hapakuwa na mengine ya kufuata. Mlanguzi alikuwa ameamua nani apate kile kidogo kilichopo, na kwa bei gani. Kwa nini kilikuwa kidogo, hilo hakuwa na uwezo nalo.

Tabia hii haijatutoka. Februari 24, 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na ndani ya wiki chache kila bei iliyopanda, kuanzia petroli hadi chapati, ilikuwa na jibu moja kwenye vijiwe na kwenye mikutano ya mawaziri. Petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na vita vilikuwa na mkono mkubwa humo. Lakini pipa la mafuta lilikuwa limeshapanda mwaka mzima wa 2021, dunia ikitoka kwenye Uviko. Mafuta ya kula yalikuwa yameanza kupaa mapema pia, mashamba ya michikichi ya Malaysia yakikosa vibarua wa kigeni kwa sababu ya mipaka kufungwa. Kisha mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ikazuia kwa wiki kadhaa kuuza mawese nje ili kutuliza bei kwa watu wake. Hapo Putin alichangia, kwa kukata alizeti ya Ukraine na kuwasukuma wanunuzi kwenye mawese. Mama anayekaanga maandazi Tandika alilipa bei iliyotengenezwa Kyiv, Kuala Lumpur na Jakarta, na kidogo Singida, ambako alizeti yetu haitoshi.

Tunapokosa umakini kwenye anguko, hukosa pia kwenye nafuu, na hili ndilo linalonikera zaidi. Agosti 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha. Shilingi ilikuwa imeshushwa katikati ya mwaka huo kutoka 17 kwa dola hadi 40, na ikaendelea kushuka. Uchumi ukaanza kukua, maduka yakajaa, Mzee Ruksa, rais wa wakati huo, akapewa sifa zake na Washington ikajipa zake. Lakini tazama mwaka wenyewe. Saudi Arabia iliongeza uzalishaji mwishoni mwa 1985, na mafuta yakaporomoka mwaka 1986 hata chini ya dola 15 kwa pipa. Brazil ilikaukiwa mwaka 1985, na kahawa ikapanda tena mwaka uliofuata. Wahisani waliokuwa wamekaza mkono wakaufungua mara tu karatasi iliposainiwa, na fedha yao ni jambo tofauti na masharti yao, ingawa vilikuja kwenye bahasha moja.

Na kalenda ileile niliyoitumia kwa vita inafaa kutumika hapa. Sabuni ilianza kurudi Kariakoo kabla ya Agosti 1986. Bajeti ya Juni 1984 ndiyo iliyomruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa fedha hizo amezipata wapi, na mwaka 1985 khanga, baiskeli, betri na sabuni vilikuwa vikionekana tena, kwa bei ya kuuma lakini vinaonekana. Makubaliano yale ya 1986 na Shirika la Fedha yalikuwa hayajasainiwa bado. Na dola zilizoagiza bidhaa zile, kwa kiasi kikubwa, zilikuwa zimekaa nje ya nchi kwa miaka, zimetokana na kahawa, dhahabu na mazao yaliyovushwa mipakani usiku, katika mikono ya watu wa aina ileile waliokuwa wakisakwa mwaka 1983.